Mwaka Nilioahidi Ngamia

Madam Kwamboka alirudi Lodwar mwezi uliopita, akiwa na fimbo mkononi na goti lililofungwa bendeji, na kabla hajanisalimia alilalamika kuhusu joto, kwa maneno yale yale aliyokuwa akilalamika nayo nikiwa msichana. Alikuwa amealikwa kutoka kwao Kisii aje azungumze na washauri wapya wa vijana, wale wanaoingia rumande ya watoto wakiwa na kompyuta begani. Baada ya mazungumzo hayo walimleta kula kwangu. Mahali pangu ni meza sita na jiko moja, lakini napaita hoteli, kwa sababu kibao kinasema hoteli na kibao ni changu. Nikampa samaki wa ziwani kutoka Kataboi na ugali, akala polepole akitoa miiba kama mtu anayesahihisha mitihani. Alipomaliza akasema, "Akiru, niambie ukweli. Yale mambo yangu ya wakati ule yalikusaidia?" Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Kisha nikaona yeye hacheki, amenitazama tu, mzee aliyesafiri siku mbili na swali lake, nikaona haya. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuandika mambo ya moyoni, na tazama yalivyotufikisha.

Mambo ya ukoo wangu nitayaruka. Wengi wao wako hai, wana simu, na wanajua kusoma. Inatosha kusema nilikuwa na miaka kumi na tano, nilikaa Kakuma mjini, na kilichonipeleka ndani ni mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Bomba letu lilikuwa limekauka, basi tulikwenda kupanga foleni kwenye bomba la pembeni mwa kambi ya wakimbizi, na mimi nikapita watu kama ilivyokuwa desturi yangu. Msichana mmoja wa Sudan Kusini, Nyandeng, mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima, akaniambia nirudi nyuma. Alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachokera kama mtu mwenye haki mbele ya watu arobaini. Nikauzungusha mtungi, uliokuwa umeshajaa nusu, ukampiga. Mkono wake wa kulia ulivunjika, na mlio wake nausikia hata leo nikivunja kuni. Zilikuwa zimebaki siku tano afanye mtihani wa darasa la nane. Hakuufanya, kwa sababu mkono wa kuandikia ulikuwa ndani ya plasta, na mwaka mzima wa kusoma kwa koroboi ukaenda na maji. Ningependa kuandika kwamba nilijuta pale pale. Nilichofikiria pale pale ni kukimbia, na nilikimbia vibaya, nikakamatwa na wanawake wawili waliokuwa na watoto mgongoni.

Bweni la wasichana kwenye rumande ya watoto kule Lodwar lilikuwa na vitanda sita na sisi tulikuwa tisa. Mabati yake mchana yaliwaka, na jioni yalipopoa yalilia kama yanasengenya. Asubuhi tulipewa uji. Mchana ulikuwa ugali wa mahindi ya njano na maharagwe, jioni maharagwe na ugali, ili mtu asichoke na mpango mmoja. Jumamosi kulikuwa na chai ya maziwa, na siku hiyo hata wale waliokuwa wamepanga kutoroka waliahirisha. Na ilikuwa Jumamosi alipokuja Madam Kwamboka na programu yake ya kurekebisha nafsi za vijana, akiwa na sweta mbili kwenye mkoba. Nani alimwambia alete sweta Turkana sijui mpaka leo. Hakukuwa na chumba cha bure, kwa hiyo alipewa stoo ya maharagwe, na nafsi zetu zilirekebishwa tukiwa tumekaa juu ya magunia. Hadi sasa nikinusa maharagwe makavu nasikia hamu ya kueleza hisia zangu, na kwa mtu mwenye hoteli hiyo ni shida.

Siku ya kwanza alitundika ukutani karatasi yenye nyuso za duara, moja inacheka, moja inalia, moja imekunja midomo, akatuuliza leo tunajisikia kama nani. Tulizitazama moja moja. Kisha msichana mmoja akauliza hawa watu ni wa kabila gani na kwa nini wote wamenyolewa. Siku ya pili akachora kipimo cha hasira kutoka sifuri hadi kumi, tujipime. Wote tulisema kumi. Akaandika kwa huzuni kwenye daftari lake, akatuangalia kwa huruma, na ilimchukua wiki tatu kugundua kwamba sisi tulijua kumi kwa kumi ni kupasi. Alipotueleza kwamba sifuri ndiyo nzuri tulihisi tumeonewa. Yeye hakukata tamaa. Alitufundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuihesabu, na siku aliyochagua kutufundishia nje ilikuwa siku ya vumbi, tukavuta nusu ya Lodwar. Leo nikiwaangalia hao vijana wenye kompyuta nawaonea wivu kidogo, maana wana chumba chenye feni. Lakini sijaona hata mmoja anayeweza kukaa juu ya gunia saa mbili bila kuangalia simu, akingoja mtoto mmoja aseme neno moja.

Kisha kukaja kiti kitupu. Madam aliweka kiti cha plastiki katikati ya stoo, akasema nifikirie Nyandeng amekaa pale, nimwambie yote yaliyo moyoni. Wenzangu wawili walitoka mbio, kwa sababu kwao mtu anayezungumza na asiyeonekana ni mtu wa kuombewa. Mimi nilibaki kwa ukaidi tu. Nikaanza, "Wewe Nyandeng," na kabla sijafika mbali akaingia mzee Lopeyok, mlinzi wa lango, amechoka na jua, akaona kiti, akakaa. Madam akamfanyia ishara ainuke. Mzee akadhani anasalimiwa. "Ejok," akasema. Mimi nilikuwa nimeshaanza, na kwetu mtu akianza neno mbele ya mzee hulimaliza, basi nikamwambia yote, kwamba nilimpiga kwa mtungi, kwamba alikuwa na haki, kwamba mtihani umempita kwa ajili yangu. Mzee Lopeyok alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Sawa. Mimi nasamehe. Lete tumbaku." Madam alitoka nje kwa muda. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anacheka peke yake nyuma ya tangi la maji.

Katikati ya mwaka kicheko kilinikauka. Nilikuwa nafua nyuma ya stoo, na bati, kama nilivyosema, halijui kuficha siri. Nilimsikia meneja wa nyumba yetu akimwambia Madam, "Huyu Akiru nimeamua. Ripoti iseme apelekwe shule ya kurekebisha tabia, miaka mitatu, huko chini Kenya." Sisi wa Turkana nchi yote iliyoko kusini tunaiita Kenya, kana kwamba sisi tuko kwingine, na kwangu miaka mitatu Kenya ilikuwa sawa na kuzikwa. Madam akasema, "Nipe muda kidogo. Yule mtoto anabadilika." Meneja akasema, "Majuto iko wapi? Nionyeshe majuto moja tu. Anachekesha wenzake siku mzima." Kisha Madam akasema kwa sauti ya chini, "Akipata msamaha wa yule msichana, hakimu atasikia." Niliacha nguo kwenye beseni, nikakaa chini kwenye povu, na niliogopa kuliko siku niliyokamatwa.

Ndipo ikaja barua. Madam alisema kila mmoja wetu amwandikie aliyemkosea, kwa aya tatu. Ya kwanza, nilifanya nini. Ya pili, nilikuumiza vipi. Ya tatu, nitafanya nini kurekebisha. Akasisitiza barua ni siri, hata yeye hatazisoma, tusijizuie, tuandike kutoka moyoni. Aya mbili za kwanza niliziandika nikilia, sikatai, machozi yakafuta neno "mtihani" ikabidi nilirudie. Aya ya tatu nilikaa nayo siku mbili. Nilijua kitu kimoja ambacho Madam hakukijua, kwa sababu wao huko milimani labda pole inatosha. Kwetu hakuna anayeomba msamaha bila mnyama. Mkono mtupu haulambwi. Ukivunja mfupa wa mtu ukamwendea na maneno peke yake, umemtukana mara ya pili. Nikafikiria mbuzi, nikaona mbuzi kwa mkono wa kuandikia ni uchoyo. Madam alisema tusijizuie. Nikaandika: "Nitakupa ngamia." Sikuwa na ngamia. Sikuwa na hata kamba ya ngamia. Madam akachukua bahasha, akaifunga bila kuisoma kama alivyoahidi, akaipiga muhuri wa programu juu ya mdomo wake, muhuri mkubwa wa zambarau, na gari la afisa wa watoto likaipeleka Kakuma.

Jibu halikuja kwa karatasi. Lilikuja baada ya wiki tatu, siku ya wazazi, ndani ya pikapu, watu kumi na mmoja. Mbele alikuwa mjomba wake Nyandeng, mzee Majok, mrefu kama mlingoti, amevaa suti ya kaki na barua yangu ameishika kwa vidole viwili kama kitu cha mahakamani. Nyuma yake mama yake Nyandeng, kisha Nyandeng mwenyewe, ambaye sikuweza kumtazama. Madam aliwapokea kwa furaha akidhani wamekuja kwa keki. Alikuwa ameoka keki kwa sufuria na makaa, akaandika juu yake MSAMAHA kwa sukari nyekundu ambayo joto lilikuwa limeshaisambaza. Mzee Majok aliitazama keki, akaitazama barua, akasema, "Asante kwa mkate. Ngamia iko wapi?"

Madam akacheka kwa adabu. "Ngamia gani, mzee?"

"Hii. Muhuri si yako?"

Aliisoma aya ya tatu mara mbili. Niliona nyuso zote za ile karatasi ya ukutani zikipita kwenye uso wake mmoja, moja baada ya nyingine, na ile ya woga ndiyo iliyobaki. "Akiru," akaniita polepole, "hii ngamia ni ya mfano, sivyo?" Kabla sijajibu, langoni kukawa na kelele. Habari za ngamia zilikuwa zimefika Kakuma mjini kabla ya pikapu kuondoka, na baba yangu mdogo, Ekal, alikuwa amesafiri juu ya lori la mkaa aje kuuliza nani amegawa mali ya ukoo. Alikuja na wazee watatu na mbuzi mmoja, mbuzi wa tahadhari.

Basi wakakaa kwenye ukumbi wa chakula, Waturkana huku, Wadinka wa akina Nyandeng kule, na Madam katikati na keki yake. Kwa vile muhuri ulikuwa wake, pande zote mbili zilimchukulia kuwa mdhamini, na kila mtu akizungumza alimwelekea yeye. "Ahadi ni deni, mama," alisema mzee Majok. "Sisi hapana watu ya ngamia. Ngamia tutafanyia nini? Sisi watu ya ng'ombe. Lete ng'ombe, kalas, maneno imekwisha." Baba mdogo akasimama, akaegemea fimbo. "Mtoto hana mnyama. Mtoto akisema ngamia, ni kelele. Huyu mama ya serikali ndiye alimwambia aseme. Basi yeye alete." Madam akaeleza kwamba programu haina bajeti ya mifugo. Akaeleza kwamba katika ushauri nasaha fidia ni ya kihisia. Mzee Lopeyok, aliyekuwa akitafsiri kwa hiari yake bila kuombwa, alifikiri kidogo akawaambia, "Anasema hana ng'ombe, lakini anasikia uchungu sana." Wazee wa pande zote mbili wakaitikia kwa kichwa. Hilo walilielewa. Wakaendelea kubishana mpaka maharagwe yakaiva, wakala maharagwe, wakaendelea.

Jambo la ajabu, na hili nalifikiria mara nyingi nikipanga meza zangu, ni kwamba walikuwa wanafurahia. Wafugaji hawa wa pande mbili waliogombania kila bomba la maji Kakuma walikuwa wamepata kitu ambacho wote walikijua vizuri. Walibishana rangi ya ng'ombe, umri wake, kama aliyezaa mara moja anahesabika. Mzee Majok na baba mdogo walikuwa wameanza kugusana magoti. Mimi nilikaa kwenye benchi la pembeni nikihesabu pumzi kama nilivyofundishwa, kwa pua, na kwa mara ya kwanza nilielewa zilikuwa za nini. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyekuwa ametuuliza sisi wasichana chochote. Ni Madam aliyeinua mkono, kama mwanafunzi, akasema, "Wazee wangu, naomba radhi. Mkono uliovunjika una mwenyewe. Je, yeye anataka nini?"

Nyandeng akasimama. Mkono wake ulikuwa umepona umejikunja kidogo kwenye kiwiko, haunyooki. Hakuangalia wazee, aliniangalia mimi, na mimi safari hii nilijilazimisha kumwangalia.

"Ngamia sitaki," akasema. "Ng'ombe pia sitaki. Ng'ombe ataenda kwa mjomba." Wanawake wakacheka, mzee Majok akakohoa. "Mimi nilikosa mtihani. Nimerudia darasa, nimekaa na watoto wadogo. Na huu mkono hauinui mtungi. Mama anabeba maji peke yake, na mgongo wake ni mgonjwa. Nimesikia mnataka kumpeleka huyu Kenya miaka tatu. Akienda Kenya, nani ataleta maji?" Akaushika mkono wake kwenye kiwiko. "Arudi Kakuma. Abebe maji yetu, kila siku, asubuhi na jioni, mpaka mimi nifanye mtihani yangu. Na apange foleni."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma, na ndiyo niliyostahili. Nikasema, "Nitabeba." Nikasema tena. Baba mdogo alifurahi sana kusikia deni limekuwa la maji, mara akawa mkarimu, akamtoa mbuzi wake. Alichinjwa pale pale uwanjani mbele ya meneja aliyebaki mdomo wazi, na mzee Lopeyok akachota majani yaliyosagika ya tumbo la yule mbuzi, akatupaka mimi na Nyandeng kifuani, kama inavyofanywa ili ugomvi upoe. Kisha akamgeukia Madam, maana mdhamini naye hupakwa. Blauzi ilikuwa nyeupe. Madam aliangalia kile kiganja cha kijani kikimjia, akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, na hilo lilikuwa kosa, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

Ripoti iliyofika kwa hakimu ilikuwa na doa la kijani kwenye pembe. Fomu iliuliza kama mshiriki ameonyesha majuto, ndiyo au hapana, na haikuwa na nafasi ya maji, kwa hiyo Madam alijaza upande wa nyuma wote kwa mwandiko mdogo. Hakimu alisoma, akaigeuza karatasi, akasoma tena, akainusa, akaiweka mbali. Akaniuliza nyumba ya Nyandeng iko umbali gani na bomba. Nikamwambia. Akasema narudi nyumbani chini ya uangalizi kwa masharti yaliyoandikwa nyuma ya fomu, na nikikosa siku moja naenda Kenya. Nadhani mimi ndiye mtu pekee aliyehukumiwa maji.

Nilibeba. Wiki za kwanza foleni yote ilinicheka, watoto walinitungia wimbo, na Nyandeng hakusema nami neno. Aliketi mlangoni akisoma, mimi nikamimina maji kwenye pipa, nikaondoka. Mama yake ndiye aliyeanza. Siku moja alinisukumia sahani yenye ule mkate wao mwembamba wa mtama, kisra, na mchuzi wa bamia, akasema nikae nile kwa sababu nimekonda kama kijiti na watu watasema ananitesa. Nilikula nikitazama mgongo wa binti yake aliyeinamia kitabu, akiandika polepole, kiwiko kimeegemezwa juu ya boksi kwa sababu ya ule mkunjo, akipumzisha mkono kila baada ya mistari michache. Hakuna kikao chochote cha stoo kilichowahi kunionyesha nilichofanya kama ule mstari mmoja anaoandika, anapumzika, anaandika. Nililia ndani ya mchuzi. Mama Nyandeng akadhani ni pilipili, akaniletea maji, maji niliyoyabeba mwenyewe.

Asubuhi ya mtihani, mwaka mmoja na siku chache baada ya ule mtungi, nilifika na maji kabla jua halijachomoza. Mama Nyandeng akanipokonya mtungi. "Leo acha maji," akasema. "Enda naye. Mtu asiguse ule mkono." Basi nilitembea upande wake wa kulia njia nzima mpaka shuleni. Nilifukuza mbuzi. Nilimsukuma mwendesha baiskeli mmoja akaingia kwenye miiba, nikamwomba radhi na kumsukuma tena alipotaka kurudi. Watu walionijua walituachia njia. Nyandeng alitembea akinong'ona majina ya milima na mito bila kunitazama. Langoni wenzake walikuwa wanasongamana, nikatanua mikono miwili, nikamfungulia nafasi, akapita bila kuguswa na hata shati la mtu. Alifika mlangoni mwa darasa, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini akasema nami.

"Ngoja hapa," akasema. "Na usipigane na mtu."

Mtihani ulikuwa wa siku tatu. Nilingoja siku zote tatu, na sikupigana na mtu.